Kipande cha Kitako

Mlangoni mwangu Elburgon kuna kipande cha mti,
unene wa vidole viwili, cheusi kwa mafuta na mikono.
Kinauzuia mlango usibamizwe na upepo wa Mau.
Wajukuu hukipiga teke wakipita.
Hawajui kwamba ndicho nilichobakiwa nacho
cha bunduki yangu ya kwanza.

Tulishuka Nakuru kwa lori la viazi,
baba yangu Kiplelgut na mimi, juu ya magunia,
kibali kimekunjwa mara nne mfukoni mwake.
Nguruwe mwitu walikuwa wamevuna shamba letu mara tatu
kabla yetu sisi wenyewe.
Macho ya baba yalishaanza kuingia ukungu,
kaka zangu wote wawili wamechukuliwa na reli,
nikabaki mimi, miaka kumi na saba,
na macho mazima.

Duka la Gurcharan lilinuka mafuta ya taa na ngozi.
Bunduki zilisimama ukutani
kama wageni wa harusi wasiojuana.
Nami, mjinga, nikaipenda ile ndefu,
yenye maua ya fedha ubavuni.
Nikaishika. Nikajiona.
"Hiyo ni ya nyati," akasema Gurcharan,
"tena nyati mwenye kinyongo."

Baba hakucheka.
Akanigeuza nikabili ukuta: fumba macho,
inua, weka begani, fumbua.
"Unaona nini?"
Niliona chuma tu. Ncha sikuiona,
na shingo nimeivuta kama korongo.
"Macho ni ya kulengea," akasema.
"Anayenunua ni bega."

Tukajaribu ya pili, ya tatu, ya tano.
Moja ilinitetemesha mkono kabla sijahesabu kumi.
Moja nyepesi mno, baba akairudisha haraka:
nyepesi hupiga teke kama punda,
"na bunduki ikikutisha siku ya kwanza
utafumba macho kila siku inayofuata."
Mkulima mmoja mzungu, kofia mkononi, akashauri
msichana anunuliwe cherehani.
Baba akamjibu kwa adabu: cherehani tunayo, bwana,
nguruwe hawaiogopi.

Mwisho ikatolewa moja chini ya meza,
kuukuu, imekwaruzwa, mtu kaichonga herufi mbili,
M na O; sijui nani, sijui alikwenda wapi.
Risasi yake nene kama kidole changu cha mwisho.
Niliinua nimefumba, nilipofumbua
ncha ilikuwa imeshafika, inanisubiri.
Ila kitako kilizidi, kilinisukuma bega
kama mtu mwenye haraka kwenye foleni.
Gurcharan akanipima kiwiko hadi kidole,
akachukua msumeno.
Unga wa mti ukaangukia viatu vyangu vya kuazima.
"Kiweke," akasema, akinipa kipande.
"Ukirefuka, tutakirudisha."

Sikurefuka.
Nguruwe wa kwanza nilimkosa.
Wa pili nikamkosa, nikaitoboa ndoo ya Tabarno,
akatudai shilingi saba, tukalipa.
Wa tatu nilimpata vibaya.
Alilia kwenye mashina ya pareto, kilio cha mtoto,
nami nikataka kurudi nyumbani.
Baba alikaa palepale, nyuma yangu, sauti ya chini:
"Pakia tena. Umeanza wewe."
Hilo halikuwepo dukani, hatukulijaribu begani.

Miaka ikaenda, uwindaji ukafungwa nchi nzima.
Nami nimeolewa, nguruwe wamepungua, baba amelala.
Nikaipeleka kituoni Molo, imefungwa kwa kanga.
Askari kijana akaigeuzageuza:
"Mbona kitako kifupi?"
Nikasema, kilipimwa.
Akaandika kitabuni: mbovu.

Usiku upepo ukishuka kutoka msituni
mlango hukigonga kile kipande, mara moja tu,
nami kitandani, mwanamke wa miaka yangu,
bega la kulia hujikaza
kabla sijajua nimeamka.